Mwombe mpishi akuchemshie: mapitio ya samaki wa Dunga, Kisumu

Familia yetu inaishi Nakuru, mji ambao samaki huufikia akiwa amesafiri mbali kuliko mnunuzi wake, na tulipopanga likizo ya Agosti kando ya Ziwa Viktoria kila mmoja wetu alikuwa na haja yake. Watoto walitaka kuona viboko, mume wangu alitaka siku tatu bila simu za kazini, nami nilitaka kula ngege, yaani tilapia, aliyetoka majini asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nilidhani haja yangu ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote, kwa kuwa Kisumu imeketi ukingoni mwa ziwa na karibu kila mkahawa umechora samaki mlangoni.

Usiku wa kwanza ulinitoa katika dhana hiyo. Hoteli tuliyofikia, ambayo sitaitaja, ilituandalia ngege mkubwa wa kukaanga, ngozi imekauka vizuri, amelazwa juu ya kachumbari, kwa shilingi 1,200. Kwa macho hakuwa na kasoro. Nilipomfungua, mnofu ulijitenga na mfupa bila kung'ang'ania hata kidogo, laini kama pamba iliyolowa, na ladha yake ilikuwa ile ya chumvi na mafuta tu. Nilimwuliza mhudumu kwa upole samaki yule alitua ufuo gani. Akaenda jikoni, akakawia, akarudi na kusema, "Ametoka ziwani, mama." Nikamwuliza kama kesho yake ningeweza kupikiwa mwingine wa kuchemshwa badala ya kukaangwa, na jibu la hilo halikuhitaji safari ya jikoni: hapa hatuchemshi. Nililala nikilifikiria jibu hilo la pili, kwa sababu lilikuwa limenieleza mengi kuliko la kwanza.

Mafuta moto husitiri umri wa samaki. Ngege aliyelala siku tatu, au aliyegandishwa kwenye barafu wiki nyingi, akichanjwa ubavuni, akapakwa chumvi na ndimu, kisha akazamishwa kwenye mafuta mpaka ngozi igeuke hudhurungi, anaweza kumdanganya mlaji mzoefu, hasa njaa ikiwepo na taa zikiwa hafifu. Maji hayana huruma hiyo. Samaki wa kuchemshwa huingia sufuriani na nyanya, kitunguu na chumvi, bila kitu cha kujifichia, na kama amechakaa mchuzi wote hutangaza habari zake kabla hujauonja. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika mapitio haya kwa kufuata kipimo kimoja ambacho sikuwa nacho nilipoondoka nyumbani: mpishi anayekubali kukuchemshia samaki bila kusita ni mpishi anayemwamini samaki wake.

Dunga, ufuo wa wavuvi wa Kisumu, nilielekezwa na dereva wa tuktuk, kijana mpole ambaye alinisikiliza nikimlalamikia mume wangu njia nzima, kisha akasema kwamba mgeni akitaka samaki asiulize hoteli ipi, aulize saa ngapi. Kwa maelezo yake, nyavu za ngege hutegwa jioni na kukaguliwa alfajiri, kwa hiyo mashua huanza kurudi kunapopambazuka, na anayefika saa tano akiwa amekwisha kunywa chai yake ya pili hukuta kilichoachwa na wachuuzi. Tulikubaliana atuchukue saa kumi na mbili na nusu. Watoto walinung'unika, ila neno viboko liliwatoa kitandani.

Safari kutoka katikati ya jiji ni fupi. Unapita Milimani, ukaacha nyuma yako hifadhi ya swala pala, kisha barabara inateremka kuelekea kwenye kinamasi cha mafunjo kinachouzunguka ufuo wenyewe. Ni lazima niseme mapema, kwa ajili ya wale ambao neno ufuo huwaletea picha ya Diani, kwamba hapa hakuna mchanga mweupe wala mtu anayeota jua. Kuna udongo mweusi, mashua za mbao zilizopakwa rangi kali, nyavu zilizoanikwa, ndege wakubwa aina ya korongo wanaotembea katikati ya watu kama wakaguzi, na wakati mwingine zulia la gugu maji ambalo upepo huliswaga huku na kule. Maji si ya kuogelea, kwa sababu kichocho kipo kwenye kingo za ziwa hili na viboko hawapendi wageni. Anayetaka mchanga na mitende akiwa bado kwenye Ziwa Viktoria ajipange kwa safari ndefu zaidi hadi kisiwa cha Takawiri. Sisi tulikuwa tumekuja kula.

Mashua ya kwanza tuliyoiona ikitua ilikuwa na wanaume watatu na samaki wachache mno kwa kazi ya usiku mzima, nami niliaibika kidogo kwa kumbukumbu ya jinsi ninavyobishana bei huko nyumbani. Akina mama walikuwa wakisubiri na mabeseni yao. Samaki walipimwa kwenye mizani ya kitengo cha usimamizi wa ufuo, wakaandikwa, na ndani ya dakika chache wote walikuwa na wenyewe. Hapo nikaelewa kwamba mgeni hanunui kutoka kwa mvuvi, na hana sababu ya kujaribu. Huyo mama mwenye beseni ndiye duka, na wengi wao wamekuwa na mashua zao walizozizoea kwa miaka, kwa hiyo kumruka ni kuingilia mapatano yasiyokuhusu.

Mama niliyenunua kwake aliniachia nichague, jambo ambalo peke yake lastahili nyota moja. Nilifunua mashavu ya kila ngege, yale ambayo walimu wa sayansi huyaita matamvua, nikatafuta wekundu wa damu mbichi na si ule wa kahawia unaoanza saa chache baadaye. Nilitazama macho kama yametokeza na kung'aa. Nilibonyeza mnofu kwa kidole gumba nikaona kama unarudi mahali pake. Harufu nayo ni ya maji na majani, na shombo kali likikufikia kabla hujainama, simama wima uende zako. Onyo moja tu: usidanganywe na unyevu, kwa maana hata samaki wa jana hunyunyiziwa maji akapendeza. Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 900 kwa ngege wawili, nikaipokea kwa tabasamu kama bei ya mgeni ilivyo, tukamalizia kwa 700. Kisha yule mama akaniuliza, bila mimi kuanzisha habari hiyo, "Huyu tukukaangie ama tukuchemshie?" Nilitamani kumkumbatia.

Kibanda cha dada yake, kilichokuwa hatua chache kutoka hapo, hutoza shilingi 200 kumpaa samaki na kumpika, na ugali huhesabiwa peke yake. Alimparua magamba na kumtoa matumbo mbele yetu, akamkata vipande viwili vikubwa na kichwa kikibaki kizima. Nyanya na vitunguu vilipikwa na maji kidogo mpaka vikawa rojo, ndipo samaki akalazwa, sufuria ikafunikwa, na moto ukapunguzwa. Hakukuwa na unga wa binzari, hakukuwa na mchemraba wa supu, na nilipouliza habari ya bizari ya mchuzi dada yule alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatii sukari kwenye maziwa ya mama. Mwanangu mdogo, aliyekuwa ameegemea meza ya jikoni, alishangaa kuona vipande vikijikunja sufuriani. Nilimweleza kwamba samaki ambaye muda mfupi uliopita alikuwa hai bado ana nguvu za misuli, na joto likimgusa hujikaza. Samaki wa hoteli yetu alikuwa amelala bapa kama bahasha.

Kuhusu ladha, nitajitahidi kutotia chumvi. Mnofu ulikuwa mgumu kidogo, wenye utamu wa chini chini unaokuja baada ya kumeza, na ulitoka kwa vipande vikubwa vinavyoteleza badala ya nyuzi zilizolowa. Mchuzi ulikuwa mwepesi na juu yake kulielea macho madogo ya mafuta ya samaki mwenyewe. Ugali uliletwa wa aina mbili, ule mweupe wa mahindi na mwingine wa mtama uliochanganywa na muhogo, mzito na mwenye uchachu, na huu wa pili ndio unaofaa, kwa kuwa hauyeyuki ukichovywa. Pembeni kulikuwa na osuga, mboga ambayo sisi Nakuru huiita managu, iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukabaki kama kumbukumbu. Uma haukuletwa, wala hatukuuomba. Kichwa niliachiwa mimi, na sikukigawa.

Samaki wa pili tuliamua akaangwe, kwa ajili ya watoto na pia kwa ajili ya kulinganisha, na alikuwa mzuri. Hata hivyo, nilipomla nilihisi kama ninayesikiliza hadithi nzuri redioni huku mtu akichemsha chai karibu na sikio langu. Mafuta yalisema zaidi kuliko samaki.

Wakati tunasubiri nilijifunza kwamba hata neno "wa hapa" linahitaji uangalifu. Ngege anayeuzwa leo kwa wingi ni samaki wa jamii ya mto Naili ambaye aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950, na ngege wa asili, yule ambaye jina hilo lilikuwa lake kwanza, amekuwa adimu mno. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Mwanza humwita sangara, naye aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafanikiwa kupita kiasi, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, wa aina nyingi ambao hawakuwahi kuonekana tena. Katika samaki watatu wakuu wa meza ya Kisumu, ni omena, yaani dagaa wa ziwa hili, peke yake ambaye ni mwenyeji kwa maana kamili. Silisemi hili kumharibia mtu hamu ya kula. Nalisema kwa sababu wahudumu wa mikahawa hupenda kutamka "wa asili" kwa kila kitu chenye magamba, na swali la maana zaidi kwa mlaji ni lini samaki ametoka majini na amehifadhiwa vipi tangu hapo.

Swali hilo ndilo linalonifanya nitofautiane na wale wanaowadharau samaki wa vizimba. Ufugaji wa ngege katika vizimba vinavyoelea ziwani umeenea sana upande wa Kenya katika miaka ya karibuni, na samaki hao huonekana kwa urahisi: wote wana kimo kimoja kama wanafunzi wa gwaride, wana mafuta zaidi tumboni na mnofu wao ni laini zaidi. Mimi humpendelea wa nyavu. Lakini ngege wa kizimbani aliyevunwa alfajiri na kuwekwa kwenye barafu papo hapo ni bora mara nyingi kuliko ngege wa nyavu aliyeshinda kwenye beseni mpaka saa tisa alasiri katika joto la Kisumu, na muuzaji mwaminifu hukwambia yupi ni yupi ukimwuliza. Jambo tofauti kabisa ni ngege waliogandishwa wanaoagizwa kutoka Uchina na kuuzwa kwenye maboksi, ambao mwaka 2018 walizusha mjadala mkali nchini hadi Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akatamka kwamba uingizaji wao ukomeshwe. Sina ushahidi kwamba samaki wa hoteli yetu alitoka kwenye boksi. Nina ushahidi wa ulimi wangu tu, na ulimi haupandi kizimbani.

Siku ya pili tulimjaribu mbuta. Kwa huyu ninatoa alama za chini kidogo, ingawa kosa si la mpishi. Mbuta mzuri ni mkubwa, na mkubwa hakai Kisumu muda mrefu, kwa kuwa viwanda humngojea, hutoa minofu yake na kuisafirisha ng'ambo. Kinachobaki ni kile ambacho watu wa huku, kwa ucheshi wenye uchungu ndani yake, hukiita mgongo wazi: kichwa, uti wa mgongo na mabaki ya nyama yaliyoshikana na mifupa, ambayo hukaangwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Nilikila na nikakipenda, hasa nyama ya shavuni, lakini mtu asije akadhani ameletewa samaki. Ukiletewa mbuta mdogo anayetosha sahani moja, mkatae kwa adabu. Sheria ya uvuvi inataka asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, na anayemnunua ndiye anayelipia kosa hilo.

Omena walinishangaza kuliko wote. Nyumbani Nakuru nimewapika kwa miaka mingi wakiwa wakavu, nikiwaosha kwa maji moto mara tatu ili uchungu utoke, na sikuwahi kujua kwamba sehemu ya uchungu huo ni uzee. Hapa nilipewa sahani ya omena waliovuliwa usiku na kukaangwa asubuhi kabla ya kuanikwa, wepesi, wakali kidogo, wanaotafunika wazima. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku, kwa hiyo mbalamwezi ni adui: siku za mwezi mpevu omena huadimika, na siku za giza ndizo za neema. Zaidi ya hayo, uvuvi wao nchini Kenya husimamishwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaliane, ndiyo sababu likizo yetu ya Agosti iliangukia wakati mwafaka bila sisi kukusudia. Anayeweza kuchagua tarehe zake na aitazame kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba.

Sasa yale yasiyopendeza, maana nisipoyataja nitaonekana nimelipwa. Kwenye kibanda kile tulisubiri saa moja na robo siku ya kwanza, na siku ya pili karibu saa mbili, kwa sababu sufuria ni chache na kila mteja hupikiwa samaki wake kuanzia mwanzo. Mwenye watoto wadogo abebe ndizi. Nzi wapo, hasa jua linapopanda, na jiji hili lina historia nao ya utani: vibanda maarufu vya samaki vya zamani karibu na reli, ambavyo vilibomolewa, viliitwa Lwang'ni, yaani nzi kwa Kijaluo, na wateja walivijaza hivyo hivyo. Maji ya kunawa yalikuwa ya uvuguvugu na sabuni ilikuwepo. Choo tulichoelekezwa sitakieleza. Muziki ulianza saa nne ukiwa juu kuliko mazungumzo, lakini tulipoomba upunguzwe ulipunguzwa. Vijana wa mashua walitufuata mezani mara tatu wakitaka kutupeleka kuwaona viboko, na mara ya tatu tulikwenda, tukawaona wawili kwa mbali, watoto wakaridhika.

Kuhusu fedha, familia ya watu wanne tulitumia shilingi 1,380 kwa ngege wawili, mapishi, ugali wa aina zote mbili, mboga na soda. Ni zaidi kidogo ya bei ya yule ngege mmoja wa hoteli. Malipo yalikuwa kwa M-Pesa na hakuna aliyeongeza chochote baadaye.

Soko la Kibuye nalipita haraka, kwa kuwa si mahali pa kula. Tulikwenda Jumapili, siku ambayo hujaa kuliko zote, na nilichokitafuta hapo kilikuwa cha kubeba: omena wakavu kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, na obambla, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani, ambaye ukimlaza kwenye maji usiku kucha na kumpika kwa karanga hufidia umbali wote wa kutoka ziwani. Omena wa kununua ni wale wenye rangi ya fedha inayong'aa, wasio na mchanga. Wachote kutoka chini ya lundo na uwanuse, kwani wale wa juu ndio waliopangwa kwa ajili ya macho.

Asubuhi ya kuondoka tulirudi Dunga mara ya mwisho na kasha la barafu tulilolinunua mjini. Mama yule alituchagulia ngege watano, akawatoa matumbo na mashavu, akawapanga kwa tabaka za barafu huku akimweleza mume wangu, aliyekuwa ameshika kifuniko, kwamba samaki akitolewa tumbo na kuzikwa vizuri kwenye barafu hafiki Nakuru amechoka. Tulipanda Kericho mvua ikinyesha, tukafika nyumbani saa kumi jioni. Niliwafunua, macho yalikuwa yameanza ukungu kidogo lakini mnofu ulirudi chini ya kidole. Wanne niliwagandisha. Wa tano nilimtia sufuriani na nyanya, kitunguu na chumvi, nikafunika, na binti yangu akaja kusimama karibu na jiko kutazama kama atajikunja.